Jibu: Mwenyekiti haondoki, wachezaji wanaondoka

Salamu ndugu wa Kondele, Kisumu. Unauliza mashabiki wafanye nini mwenyekiti akigoma kung'atuka, huku wachezaji wazuri wakiyoyoma na timu ikichungulia kushushwa daraja.

Kwanza kabisa, klabu yenu imesajiliwaje? Ni ya wanachama, kama Gor Mahia na AFC Leopards, au ni kampuni ya mtu? Kama ni kampuni, kura huna. Silaha uliyobaki nayo ni kutonunua tiketi na jezi. Kama ni ya wanachama, itafuteni katiba iliyowasilishwa kwa Msajili wa Michezo, ofisi iliyoundwa na Sheria ya Michezo ya Kenya ya 2013.

Sisi huku Kakamega tulipiga kelele uwanjani Bukhungu msimu mzima hadi sauti zikakauka. Siku ya mkutano mkuu tukaulizwa nani amelipa ada ya uanachama. Kati yetu 12, wawili tu! Wengine tulikaa nje tukitafuna njugu. Mwaka uliofuata tulilipa mapema, tukatunza risiti, na mweka hazina akang'olewa. Mwenyekiti bado yupo, ila sasa anasoma hesabu mbele yetu, tena akitokwa jasho.

Kuhusu wachezaji, usiwaite wasaliti kabla hujaulizia mishahara. Tangu 2018, kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kutoa notisi ya siku 15 na, klabu isipolipa, kuvunja mkataba. Anaondoka bure, klabu haipati hata ndururu.

Uchaguzi ukileta mvutano, lipo Jopo la Migogoro ya Michezo. Nendeni na risiti na kumbukumbu za mikutano, si vuvuzela.