Runinga mpya, picha ya ukungu

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimenunua runinga ya 4K, nalipia intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, lakini kila jioni Netflix inaonyesha ukungu. Kampuni ya intaneti inasingizia runinga. Niirudishe dukani?
Mama wa watatu, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiirudishe! Netflix hushauri megabiti 15 kwa 4K, tena kwa kifurushi cha Premium. Watoto wakiwa YouTube, hizo 20 utazionea wapi? Pima kasi ya intaneti kwenye tovuti ya fast.com saa mbili usiku, si asubuhi. Kisha waulize hao wa kampuni ya intaneti kama wana seva za Open Connect, yaani kompyuta zenye nakala za filamu, ambazo Netflix huwapa bure watoa huduma wenye wateja wengi. Mwanzoni mwa 2013, Super HD, picha kali ya Netflix ya wakati huo, waliipata wateja wa kampuni zilizojiunga na Open Connect tu. Kwangu tatizo lilikuwa waifai kupenya kuta mbili, nikavuta waya.