Swali la lugha: Balistiki, nyuklia na masafa ya kati si jambo moja

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Mafinga. Katika zoezi la kuandika taarifa ya habari, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliandika hivi: “Korea Kaskazini imefyatua balistiki ya nyuklia ya masafa marefu.” Nilisahihisha nikaweka “kombora la balistiki”. Mwalimu mwenzangu aliyepitia JKT anadai kwamba balistiki na masafa marefu ni kitu kimoja, hivyo moja lifutwe, na kwamba kombora hurushwa, halifyatuliwi. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Ndugu Mwalimu, nianze na sarufi, kwa kuwa hapo hakuna ubishi mkubwa. Kombora liko katika ngeli ya LI-YA, na sifa zote zilizotajwa katika sentensi ya mwanafunzi wako ni za kombora, kwa hiyo a-unganifu sharti lifuate nomino hiyo hata pale sifa zinapofuatana: kombora la balistiki la masafa marefu. Alipoandika “balistiki ya nyuklia ya masafa marefu” aliigeuza sifa kuwa nomino, na msomaji asiyejua habari za silaha akabaki akijiuliza hiyo balistiki ni chombo gani. Katika mazungumzo ufupisho huo unavumilika, lakini katika taarifa ya habari ulistahili kusahihishwa.

Dai la mwenzako kwamba balistiki na masafa marefu ni jambo moja si la kweli, ingawa sishangai analishikilia, maana hata watangazaji wetu huyatumia maneno hayo kana kwamba ni pacha. Balistiki hueleza namna kombora linavyosafiri, nayo masafa hueleza umbali linaofika. Kombora la balistiki husukumwa na injini mwanzoni tu mwa safari, kwa dakika chache. Injini ikishazima, sehemu iliyobaki huendelea kupaa kwa kasi iliyokwisha kuipata, hufika kilele cha tao lake, kisha hushuka kuelekea shabaha ikivutwa na uzito wake. Kombora la kruzi ni tofauti, kwani injini yake hufanya kazi safari nzima, nalo huweza kuruka chini chini likipinda kufuata sura ya nchi. Makombora ya Scud ya Wasovieti ni ya balistiki bila shaka yoyote, lakini aina yake iliyoenea zaidi hufika kilomita 300 hivi, umbali usiotosha kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam hata kama lingenyoosha njia bila kujali kona za Kitonga. Hayo ni masafa mafupi. Ukilifuta neno “balistiki” kwa hoja kwamba “masafa marefu” limekwisha kulisema, unakuwa umeondoa taarifa ambayo hakuna neno jingine katika sentensi linaloibeba.

Hapo hapo ningependa utazame kosa ambalo ninyi nyote wawili mmelipita, nalo ndilo kubwa kuliko yote: neno nyuklia. Nyuklia haielezi mwendo wala umbali wa kombora; inaeleza shehena yake. Historia yenyewe ilivitenganisha vitu hivi kabla ya kuviunganisha. Septemba 1944 Ujerumani ilianza kuishambulia miji ya Paris na London kwa V-2, kombora la kwanza la balistiki kutumika vitani, likiwa na baruti ya kawaida tu. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Agosti 1945, Marekani iliiteketeza Hiroshima kwa bomu la atomiki lililodondoshwa kutoka kwenye ndege, na siku tatu baadaye Nagasaki. Kwa hiyo wanafunzi wanaoandika “kombora la Hiroshima” wanaandika juu ya kitu ambacho hakikuwapo. Ni Wasovieti, walipofanikiwa kulirusha kombora lao la R-7 mwezi Agosti 1957, walioonyesha kwamba kichwa cha nyuklia kingeweza kupelekwa na kombora kutoka bara moja hadi jingine, na kuanzia hapo mashindano ya silaha kati yao na Marekani yakawa ya mabomu na ya vyombo vya kuyabeba kwa pamoja.

Korea Kaskazini nayo inatupa mfano mzuri. Kati ya mwaka 2006 na 2017 ililipua vifaa vya nyuklia mara sita, na milipuko yote ilifanyika chini ya ardhi, huko Punggye-ri. Majaribio ya makombora ni jambo jingine kabisa: kombora hurushwa, huruka, huangukia baharini, na halibebi kichwa cha nyuklia. Anayeandika “jaribio la kombora la nyuklia” anawachanganya wasomaji, wengine wakadhani kuna bomu lililolipuka angani. Kama chombo kimeundwa kuweza kubeba silaha hiyo, tuseme hivyo hivyo kwa urefu wake: kombora lenye uwezo wa kubeba kichwa cha nyuklia. Najua wahariri hawapendi vichwa virefu vya habari, lakini hapa ufupi unaleta uongo.

Kuhusu masafa, kuna mtego mwingine ambao hamkuuliza, nami sitaki kuuacha. Wapo wanaoandika “kombora la masafa ya kati” na wapo wanaoandika “kombora la masafa ya kati ya mabara”, na jicho lenye haraka huona kitu kimoja. Katika la kwanza, “kati” ni wastani, si mafupi wala si marefu. Katika la pili, “kati ya” huunganisha bara na bara, na linalosemwa ni kombora la kupita kilomita 5,500. Mkataba ambao Reagan, rais wa Marekani, na Gorbachev, kiongozi wa Wasovieti, waliutia saini Washington mwezi Desemba 1987 ulipiga marufuku makombora yao ya nchi kavu, ya balistiki na ya kruzi, yanayofika kati ya kilomita 500 na 5,500. Ukiandika kwamba ulihusu masafa ya kati ya mabara, umewanyang'anya silaha ambazo walibaki nazo, na ambazo zilikuja kuwekewa ukomo katika mkataba mwingine wa mwaka 1991. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea “kombora la kuvuka mabara”, ambalo halina mwenzake wa kuchanganywa naye.

Kufyatua au kurusha? Yote mawili ni sahihi. Kufyatua ni kuachia kwa ghafla kitu kilichobanwa, ndiyo maana tunafyatua mtego, tunafyatua risasi, na vijana wa huku kwetu wanafyatua matofali, kwa hiyo mwenzako hana sababu ya kulikataa kwa kombora. Kwa jaribio lililotangazwa mimi ningetumia “kurusha”, na kwa shambulio la makombora mengi kwa mfululizo “kuvurumisha”. Linaloharibu maana ni “kulipua kombora”, kwa kuwa aliyelipua kombora ameliharibu.

Mwisho ni “kombora la kujihami”, ambalo hujitokeza sana mataifa yanapoeleza sera zao za ulinzi. Kwa kombora la balistiki, kujihami ni nia inayotangazwa na mwenyewe. Si aina ya silaha, na mwandishi anapaswa kumtaja msemaji: kombora ambalo serikali hiyo inasema ni la kujihami. Lipo kombora la kutungua makombora, na hilo kazi yake inajulikana, ingawa nalo halikuepuka mashaka: mwaka 1972 Marekani na Wasovieti walikubaliana kuliwekea mipaka, kwa hofu kwamba mwenye kinga kamili angethubutu kupiga bila kuogopa kupigwa, na Marekani ikajitoa katika mkataba huo mwaka 2002. Mitambo ya namna hii iitwe “mfumo wa kuzuia makombora”. “Ngao ya makombora”, ambayo wengine wanaipenda kwa mnato wake, inaweza kusomeka kuwa ngao iliyotengenezwa kwa makombora, nami nisingeipitisha katika daftari la kidato cha tatu.