Kelele Kwenye Redio ya Ndege Unayojiundia: Anza na Ethi

Kama unajiundia ndege hapa Nairobi na umefika hatua ya nyaya, nakuomba usiifunge redio bado. Chukua karatasi kwanza uchore njia ambayo umeme utapita kurudi kwenye betri. Wengi wetu tunachora vizuri sana upande wa chanya, fyuzi na swichi zote, halafu upande wa hasi tunauachia mwili wa ndege ubebe kila kitu. Kelele nyingi ambazo nimewahi kuitwa kuzitafuta zilianzia hapo.

Piga hesabu. Altaneta (jenereta inayozungushwa na injini), pampu ya mafuta na taa zikipitisha ampea 20 kwenye kiungo cha ethi, yaani cha njia ya kurudi kwenye hasi ya betri, chenye ukinzani wa omu 0.01 tu, tuseme bolti iliyokazwa juu ya rangi, hapo pana volti 0.2. Sehemu yake hutetemeka kadiri altaneta inavyozunguka. Taa haitajali. Maikrofoni itajali, kwa sababu sauti ya rubani yenyewe inasafiri kama sehemu ndogo ya volti.

Kuna ndege ya aluminiamu niliyoitwa kuiangalia pale Uwanja wa Ndege wa Wilson. Ilikuwa inapiga mluzi masikioni, na ukiongeza kasi ya injini mluzi nao unapanda. Mwenyewe alikuwa ameshafunga kichujio kwenye altaneta na hakikusaidia. Magurudumu yakiwa na kabari, mwenyewe akishikilia breki, nilifungua nati ya soketi ya maikrofoni, nikaichomoa kwenye paneli na kuiacha ining'inie kwa nyaya zake bila kugusa chuma. Mluzi ukakatika papo hapo. Nikaigusisha kwenye paneli, ukarudi. Soketi ile ilikuwa na ethi mbili: moja kupitia waya wake hadi kwenye intakomu (kifaa cha kuongea ndani ya ndege), nyingine kupitia paneli, na umeme wa altaneta ulikuwa ukipita katikati yao. Pete mbili bapa za nailoni (washa), moja mbele ya paneli na moja nyuma, zenye kishingo cha kuzuia soketi isiguse ukingo wa tundu, zikamaliza kazi. Zifunge tangu mwanzo, tafadhali. Zitakugharimu kidogo kuliko kichujio chochote.

Kwa sababu hiyohiyo, waya wa sauti wenye kinga ya nyuzi za shaba ufungwe kinga yake upande mmoja tu, kule kwenye intakomu. Kebo ya antena ni habari nyingine: kinga yake inafungwa pande zote mbili, na mimi ningechukua RG-400 yenye kinga maradufu kuliko RG-58.

Kwenye ndege ya faibaglasi hakuna chuma cha kutegemea. Weka kipande kimoja cha shaba kwenye ukuta wa injini, waya mnene kutoka hasi ya betri ufike hapo, na ethi za vifaa vyote zije hapohapo. Antena nayo itahitaji bamba la chuma chini yake, kama sentimita 60 kutoka kwenye antena kwenda kila upande.

Masikio yako ni kipimo kizuri. Mluzi unaofuata injini ni altaneta. Mitatariko inayoenda kasi na injini ni magneto (kifaa kinachotoa cheche za injini), kagua kinga ya waya unaokwenda kwenye swichi yake. Mlio unaorudi kila taa ya kumetameta inapowaka unajieleza wenyewe. Ukisikia mchakacho usiobadilika, au skwelchi (sehemu inayonyamazisha redio pasipo na mtu anayeongea) inafunguka yenyewe, shuku taa za LED na chaja za simu. Ile chaja ya bei rahisi ya gari unayoipata Luthuli Avenue huenda usiisikie kwenye redio ya muziki ya FM, lakini redio ya ndege inatumia AM kati ya megahezi 118 na 137, na AM hupokea kelele pamoja na sauti. Mimi siiruhusu ndani ya ndege.

GPS pia huathirika. Redio inaporusha hutoa pia mawimbi dhaifu kwenye mafungu ya masafa yake: zidisha megahezi 131.25 mara 12 upate 1575, karibu kabisa na 1575.42 ya setilaiti za GPS. Kwa hiyo tenganisha antena ya GPS na ya redio mbali uwezavyo, kisha, kabla ya kufunga paneli za mwisho, bonyeza kitufe cha kuongea kwenye masafa hayo huku ukitazama kama GPS inapoteza setilaiti.