Muziki usiozoeleka mbele ya masikio mapya: nawajibu

Maswali yameingia mengi na karibu yote yanazunguka jambo moja, venye unaweza kupeleka muziki wa kujaribu vitu kwa watu ambao hawajauzoea lakini wako na hamu ya kusikia. Nimechukua machache.

Tuko watatu, mmoja saksofoni, mmoja ngoma, mmoja laptopu. Hatuandiki kitu, tunabuni papo hapo. Tukipiga kwa klabu watu wanaongea tu. Tufanye nini? (Kijana, Kondele)

Kaka, tokeni kwa klabu kwanza. Mtu ameenda pale kula samaki na kupiga stori na mabeste zake, huwezi mlaumu. Muziki wa kubuni unataka msikizaji akae karibu juu utamu wake mwingi uko kwa kuangalia, unaona wa saksofoni amenyamaza ghafla akamwachia mwenzake, unaona wa ngoma ameshtuka akafuata, sasa mtu aliye meta 20 nyuma haoni hiyo yote, yeye anasikia kelele. Tafuteni chumba kidogo, hata darasa Jumamosi mchana, nyinyi mkae katikati na viti viwazunguke. Pigeni dakika 20, pumzikeni watu waulize maswali, mrudi tena dakika 20, basi. Na tafadhali msiombe msamaha kabla ya kuanza! Nasikia sana wanamuziki wakisema "leo mtatuvumilia kidogo", hapo tayari umemwambia mtu amekuja kuteseka. Semeni majina yenu, semeni hata nyinyi hamjui wimbo utaishia wapi, anzeni.

Wanafunzi wangu wanajua gospel na amapiano pekee. Nianzie wapi? (Mwalimu wa sekondari, Kakamega)

Mwalimu, anzia hapo hapo nyumbani. Isukuti, densi ya Waisukha na Waidakho, ile UNESCO iliweka mwaka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, inapigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na mara nyingi kuna pembe na njuga za chuma juu yake. Alika wapigaji waje shuleni, wasiwe kwa steji mbali, kisha gawa darasa makundi matatu na kila kundi lifuate ngoma moja tu mpaka mwisho. Watashangaa venye kila mtu amesikia kitu tofauti.

Wakishazoea hivyo, wapeleke kwa "In C" ya Terry Riley wa Marekani, ya 1964. Iko na vipande vifupi 53, kila mchezaji anarudia kipande mara anazotaka halafu anaenda kwa kinachofuata, ala yoyote inakubaliwa, kwa hivyo filimbi za shule na kibodi zinatosha kabisa. Wanamuziki wa Mali waliirekodi kwa ala za kwao, kora ya nyuzi na balafoni ya vibao vya kugonga, ikatoka 2014, wasikizishe hiyo pia.

Binti yangu anasema kuna wimbo wa kimya, mpiga piano anakaa tu bila kugusa. Si huo ni utapeli? (Mama, Nakuru)

Hapana mama. Ni kazi ya John Cage, mtunzi wa Marekani, inaitwa 4′33″, yaani dakika nne na sekunde 33, ilichezwa mara ya kwanza Woodstock, New York, tarehe 29 Agosti 1952, na mpiga piano David Tudor alikuwa akifunga na kufungua kifuniko cha piano kuonyesha sehemu zake tatu. Cage alisimulia baadaye kwamba watu walisikia upepo nje, halafu mvua kwa paa, halafu sauti zao wenyewe. Kaa na binti yako nje jioni, mzime simu, muhesabu huo muda, kila mtu aambie mwenzake alichosikia. Atakuheshimu sana kwa hiyo.

Napiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo. Waandaaji wanataka niongeze biti ya kompyuta ndio vijana wapende. Nikatae? (Siaya)

Mzee wangu, biti si dhambi, lakini iwe umeitaka wewe. Fikiria uko na nini tayari, nyuzi nane, sauti yako, pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu inayogonga mbao, na gara, zile njuga za mguuni, mtu mmoja anafanya kazi ya bendi nzima! Shida ninayoiona kwa matamasha ni kwamba wanaweka maiki moja tu mdomoni, mguu unapotea wote, halafu wanasema nyatiti haina nguvu. Dai maiki ya pili chini karibu na mguu kabla hujakubali chochote, na ukiweza kaa chini kabisa, vijana wakae kwa mikeka mbele yako waone hiyo pete ikifanya kazi. Mwanamuziki Ayub Ogada, aliyefariki Nyahera hapa Kisumu 2019, alitoa albamu ya "En Mana Kuoyo" mwaka 1993, nyatiti yake na sauti yake ndio zimebeba zile nyimbo, na zilisikizwa mbali sana na huku kwetu.

Nina mkahawa, nataka jioni moja kila mwezi. Naweza kurekodi na kuposti? Na mtu akiondoka katikati, si ni aibu? (Kisumu)

Dada, mpiga muziki akikubali. Sheria ya hakimiliki ya 2001 inampa mwanamuziki haki juu ya onyesho lake, kwa hivyo andikeni karatasi fupi mapema, nani anarekodi na vidio inaenda wapi. Anza saa kumi na moja jioni watu wapate matatu ya kurudi, uliza ofisi ya kaunti kuhusu kibali cha kelele, ongea na majirani mwenyewe. Kiingilio kiwe kidogo lakini kiwepo, na wanamuziki walipwe usiku huo huo, si "tutaongea Jumatatu".

Na hilo lako la pili, kama mtu akiondoka katikati ni aibu. Sio aibu. Acha mlango wazi na viti kadhaa nyuma, mtu akijua anaweza kutoka bila kusumbua wengine hataogopa kuja mara ya kwanza.