Vigimbi vya mzee vinabana akitembea, lazima apasuliwe?

SWALI: Shikamoo dokta, baba yangu anavuta sigara toka ujana, sasa akitembea kutoka stendi mpaka Mbuyuni vigimbi vinabana balaa, akisimama kidogo yanaisha. Jirani kasema atapasuliwa mguu. Kweli? (Moshi)

JIBU: Marahaba. Hiyo ya kuuma akitembea na kuacha akipumzika inanukia mishipa ya damu iliyoziba, ila msibuni, mpelekeni hospitali ya KCMC wampime, wanagawanya presha ya kifundo cha mguu kwa ya mkono, jibu likiwa chini ya 0.90 ndo shida yenyewe. Kupasuliwa sio lazima bwana! Wengi wanaanza na kuacha sigara (hapa hakuna mjadala), dawa za kolesteroli na za kuzuia damu kuganda, na kutembea mpaka iume, apumzike, aendelee, kama nusu saa mara 3 kwa wiki, miezi 3 hivi. Ikigoma, wanapitisha mrija mwembamba kinenani kwa ganzi tu, wanapuliza kaputo kuutanua mshipa, pengine wanaacha na stenti (kijibomba cha kushikilia mshipa uwe wazi); kutanua mshipa kwa mrija kulianza Marekani 1964, kaputo na stenti vikaja baadaye. Ila mguu ukiuma hata usiku kitandani au kidonda hakiponi, msingoje kliniki, mkimbizeni siku hiyohiyo.