Supakompyuta ukiwa mbali

Mkuu, umeuliza kama lazima uzijue komandi za Linux (amri za kuandika) zote ndo utumie supakompyuta, ile mitambo ya mahesabu mazito, iliyoko chuo kingine; hapana, siku hizi si lazima, we waulize tu wanaoisimamia kama wameweka Open OnDemand, programu ya kuitumia supakompyuta kupitia tovuti, ilitengenezwa na Ohio Supercomputer Center huko Marekani na ni ya bure, unaingia kwa brauza ya kawaida, unapandisha mafaili, unatuma kazi, hata Jupyter (ya kuandika na kuendesha kodi) unaifungua humohumo. Ila foleni iko palepale, mara nyingi Slurm, programu ya kupanga foleni, ndo inapanga nani aanze, sasa ukiomba masaa 48 wakati kazi yako ni ya masaa 3 utasota, maana nafasi ndefu inachelewa kupatikana. Na data kubwa usipitishie kwenye brauza (nilishalia hapo mimi), tumia Globus, huduma ya kuhamisha mafaili makubwa, mtandao ukikatika inaendelea ilipoishia.