Yule Mchezaji wa Mkono Mmoja

SWALI: Mhariri, eti kuna jamaa wa mkono mmoja alicheza besibol ya kulipwa Marekani enzi za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kweli au stori tu?

JIBU: Kweli kabisa, anaitwa Pete Gray wa Pennsylvania, mkono wa kulia aliupoteza utotoni. Mwaka 1945 St. Louis Browns, timu ya ligi kuu, wakamsajili, mastaa kibao walikuwa jeshini, akacheza mechi 77. Akishadaka anabana glavu kwapani, mpira anautoa na kuurusha kwa mkono uleule, tena fasta! Vita ilipoisha mastaa wenyewe wakarudi, yeye akashushwa ligi za chini. Wanaosema alibebwa na vita tu wanamwonea, maana 1944 akiwa na timu ya Memphis, ligi ya chini, alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yao.